Umio wa Mlenda

Huu haukuchanika.

Tuliuvuta, tukaukunja, tukausokota kama shuka inayokamuliwa, nao ukarudi katika umbo lake na kutulia ndani ya maji yake ya vuguvugu. Mashine ya majaribio ilisubiri, ikapima tena, kisha ikawasha taa ya kijani. Chumba kizima cha Karakana ya Viungo kikalipuka kwa vigelegele. Vijana wa uchapaji walikumbatiana. Mmoja alipanda juu ya kiti cha magurudumu akaanza kucheza, nikamwambia ashuke kabla hajavunjika shingo, maana shingo bado hatujaweza kutengeneza.

Umio ni bomba la nyama linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mtu haukumbuki mpaka uharibike. Mishipa ya damu tulishaiweza zamani, na ngozi siku hizi inatoka kwenye mashine kama chapati. Umio ulitushinda kwa sababu haukai bure. Unabana nyuma ya tonge, unaachia mbele yake, unalisukuma. Kila umio tuliouchapa kabla ya huu ulichanika kwenye msukumo wa kwanza au wa pili.

Wino wetu ni utelezi wa mlenda. Ndiyo, mlenda, mboga ile ile inayowakimbiza mezani watu wasiokulia Dodoma. Utelezi ule ni nyuzi ndefu laini ambazo mwili wa binadamu haugombani nazo. Tunauchuja, tunaukausha, tunausaga uwe unga, tunaukoroga na seli za mgonjwa mwenyewe, kisha mashine inachapa tabaka juu ya tabaka. Seli zinakula sehemu ya utelezi na kujenga nyama mahali pake. Mwishoni unabaki na kiungo kilicho hai, ambacho mwili hauna sababu ya kukikataa kwa kuwa ni chake.

Mwenye umio huu aliitwa Nyemo. Alikuwa na miaka saba, amelazwa wodi ya watoto, ghorofa moja chini yetu. Akiwa na miaka mitano alikunywa kostiki ya kutengenezea sabuni akidhani ni maji, umio wake ukaungua, ukapona vibaya, ukaziba. Tangu hapo alilishwa uji kwa sirinji kupitia mpira uliopenya tumboni. Lakini kovu haliui hamu. Alikuwa akiomba wali, anautafuna taratibu, anautema kwenye kikombe cha plastiki. Nilimwona mara moja akifanya hivyo, bila kulia, kama mtu anayepiga mswaki. Siku hiyo sikuweza kula mchana.

Kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kucheza na wenzangu. Sikucheza. Nilitaka kujua kwa nini.

"Mwaja, furahi kidogo," aliniambia Daktari Mfinanga, mpasuaji ambaye ndiye angeupandikiza. Alikuwa amepanda ngazi mbio, anahema. "Umeweza."

"Sijabadilisha kitu, daktari. Unga ule ule, mashine ile ile, joto lile lile."

"Labda mtoto ana seli nzuri."

"Seli hizo hizo ndizo tulizotumia kwenye ule uliochanika mwezi uliopita."

Mimi nikaenda stoo.

Mfuko wa unga tuliotumia ulikuwa haujaisha. Kipimo kamili kingechukua siku nzima, na mimi sina subira hiyo. Nina stashahada ya teknolojia ya chakula, na chuoni tulifundishwa mapema kwamba kama kitu kinalika, kionje kwanza. Nikachovya kidole, nikalamba.

Magadi.

Hayakuwa mengi. Ni ile ladha ya mbali, ya majivu majivu, inayobaki nyuma ya ulimi ukishameza mlenda uliopikwa nyumbani kwa mtu.

*

Unga wetu unapikwa uani, kwenye jengo refu la mabati meupe linaloendeshwa na kikundi cha akina mama wa Chamwino. Mitambo inachuja na kukausha, lakini sufuria kuu inasimamiwa na mtu, kwa sababu mitambo haijui mlenda umeiva saa ngapi. Mtu huyo kwa wakati ule alikuwa Loi. Alishika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi.

"Loi, unaweka nini kwenye sufuria?"

"Mlenda, Mama Wende."

"Na nini?"

"Na maji."

"Loi."

Aliuangalia mkono wake wa kulia, kana kwamba ndio ulioulizwa. "Na magadi. Kidogo tu."

"Nani alikwambia uweke magadi?"

"Hakuna. Sasa mlenda bila magadi ni mlenda gani? Niliona unachemka tu, hauvutiki, umekaa kama mchicha wa watu wa Pwani. Mkono ukaenda wenyewe."

"Maelekezo yako ukutani pale, kwa herufi kubwa. Majani, maji, basi."

"Nimeyasoma. Nikajua aliyeandika kasahau."

"Aliyeandika ni mimi."

"Wewe?" Loi alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Na si Mgogo wewe?"

"Mgogo."

"Aa," alisema, kwa huruma kabisa, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kisha akakumbuka hali yake. "Nafukuzwa?"

"Sijui bado. Chemsha sufuria mbili. Moja weka magadi kama ulivyoweka, nyingine usiweke. Na hiyo ya pili usiisaidie."

"Hata kidogo?"

"Loi!"

Kabla ya jioni tulikuwa na jibu, na lilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Nyuzi za utelezi wa mlenda huzaliwa zimevaa vifuniko vidogo kila mahali. Magadi yanaving'oa. Uzi ukishavuliwa vifuniko unabaki na mikono mitupu, na mikono hiyo inashika madini ya kalisi tunayoyatia baadaye. Chembe moja ya kalisi inashika nyuzi mbili, hizo mbili zinashika nyingine. Bila magadi tulikuwa tumerundika kamba. Kwa magadi tulikuwa na wavu. Kamba zikivutwa zinaachana. Wavu unatanuka na kurudi.

Tuliupima umio wenyewe. Baada ya kuoshwa na kuoshwa tena, magadi yaliyobaki yalikuwa machache kuliko chumvi iliyomo kwenye tone la chozi. Mkaguzi, ile akili ya mashine ya Baraza la Viungo inayopitia kila kitu tunachotengeneza, aliyachunguza matokeo yote na kutoa idhini kabla sijamaliza kunawa mikono. Kilichobaki ni Kauli.

Nchi nyingine hutucheka kwa kifungu hicho cha sheria. Kinasema aliyetengeneza kiungo atakutana na mgonjwa, au mzazi wake, ana kwa ana. Atataja kila kilichoingia humo. Aliyeambiwa atakubali au atakataa kwa sauti yake mwenyewe, kamera ikiona. Hatumwi daktari wala karani. Anakwenda aliyetengeneza. Sheria hiyo ilitungwa baada ya ile miaka mibaya watu walipokuwa wakiamka na vitu mwilini wasivyovijua majina.

Aliyetengeneza nilikuwa mimi.

"Sodiamu seskwikaboneti," alisema Daktari Mfinanga. Tulikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa. "Ndilo jina lake halali la kikemia. Mkaguzi analikubali. Litaje katikati ya kalisi na maji, uendelee."

"Ni magadi."

"Najua ni magadi. Na ile kostiki aliyokunywa mtoto, kwao wanaiitaje?"

Nilijua. Mama yake aliniambia siku ya kwanza tulipokutana. "Magadi ya sabuni."

"Basi." Alivua miwani, akajifuta uso mzima kwa kiganja. "Ukitamka neno magadi mbele ya yule mama, atakataa. Akikataa, umio hauwezi kukaa nje ya mwili zaidi ya wiki hii. Utakufa. Kuchapa mwingine tunahitaji seli, na seli tutazichota wapi? Mtoto amekwisha. Nimemshika mkono asubuhi, nimeshika mfupa. Kifaa kipo, kimepita, ni salama. Simwambii uongo mtu. Nakuomba utumie jina sahihi."

"Sahihi kwa nani?"

"Mwaja, ingekuwa Wende, mwanao?"

Alijua pa kupiga. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma, pale vijana wanapokwenda kuvuta sigara wakidhani sijui.

Ingekuwa Wende, ningetaka apone. Na ingekuwa Wende, ningetaka kujua alichowekewa. Vyote viwili, na nisingekubali kuchagua. Nilijaribu kulitamka lile jina refu kwa sauti. Linatoka vizuri mdomoni. Lina heshima. Ningelitaja, mama angeitikia kwa kichwa kama tunavyoitikia sote mbele ya makoti meupe, mtoto angepelekwa chumba cha upasuaji, na huenda maisha yangeendelea bila mtu kuuliza.

Lakini nilijua pia ile kostiki ilivyomfikia Nyemo. Ilikuwa imehifadhiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na lebo yake ya maji ikiwa haijabanduliwa. Nje jina safi, ndani kitu kingine. Mtoto aliliamini jina.

Sikuwa tayari kumpelekea mama yake chupa ya pili.

*

Sechelela alikuwa amekaa kitandani, anamsuka Nyemo. Ni mwanamke mrefu, ana sauti nzito, na mikono yake ina madoa meupe ya miaka ya kupika sabuni. Nyemo alinipungia kitana.

"Mama Wende, anasuka kwa kuvuta," alinishtakia.

"Tulia wewe, utatoka na kichwa cha kondoo," alisema mama yake. "Karibu, dada. Naona leo umekuja na kamera."

"Nimekuja kwa Kauli, Mama Nyemo. Unajua utaratibu?"

"Nimeelezwa. Sema."

Taa ndogo ya kamera iliwaka. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwepo ili macho yetu yawe sawa.

"Umio tuliomtengenezea Nyemo una seli zake mwenyewe. Una utelezi wa mlenda. Una kalisi, kama ile iliyomo kwenye maziwa. Una maji yaliyochujwa. Na ule utelezi ulipikwa kwa magadi."

Vidole vyake vilisimama kwenye nywele za mtoto.

"Magadi gani?"

"Ya mboga. Haya ya sokoni."

"Magadi." Alilisema polepole. "Mwanangu kateketea koo kwa magadi. Nimemlisha kwa tundu la tumbo kama namwagilia mche. Na wewe umekaa hapo unaniambia mnataka kumwekea magadi kooni."

"Alichokunywa ni kostiki. Si kitu kimoja, ile ni kali mara..."

"Usinifundishe! Mimi ndiye niliyeinunua. Mimi ndiye niliyeimimina kwenye ile chupa kwa mkono huu. Unafikiri siijui?"

Nyemo alijikunja ubavuni mwa mama yake. Chumba kizima kilikuwa kinatuangalia, akina mama wote wenye watoto wao mapajani.

"Mngeninyamazia tu," alisema Sechelela, sasa kwa sauti ya chini. "Ningejuaje mimi?"

"Usingejua. Lina jina lingine refu la kitaalamu. Ningelitaja hilo, ungekubali."

"Sasa kwa nini hukulitaja?"

"Kwa sababu ningekuwa nimekudanganya."

Akageuzia uso ukutani. "Toka, dada. Naomba utoke."

Kamera ikatoa mlio mfupi, taa ikawa nyekundu. Kauli haikukubaliwa.

Daktari Mfinanga alikuwa koridoni. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Ukweli wako ni mzuri sana, Mwaja," alisema. "Tatizo ni kwamba si wewe uliyelala pale kitandani." Akaondoka.

Nilipanda juu nikabadilisha maji ya umio. Kiungo kilicho hai hakijui kwamba kimekataliwa. Kilikuwa kinabana na kuachia, kinabana na kuachia, kinafanya mazoezi kwa ajili ya chakula ambacho huenda kisingekuja. Nilisimama pale nikiwa na jagi mkononi, na nikakiri moyoni kwamba nikirudishwa nyuma saa ile ile, sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kusema tena.

*

Asubuhi Loi alinifuata nikiwa nanawa mikono kwa dawa. "Mama Wende, kuna mtu mlangoni. Ana bakuli."

Alikuwa Sechelela. Amejifunga khanga mbili, bakuli limefunikwa kwa sahani.

"Nataka kuuona," alisema.

"Karibu."

"Usinikaribishe bado." Alibaki kwenye kizingiti. "Sikulala. Nilikuwa nafikiria. Tangu tufike hapa kila mtu ananiambia mazuri. Atapona, mama. Usijali, mama. Muuguzi mazuri, daktari mazuri, hata mfagiaji. Wewe peke yako umeniletea baya, tena ulijua nitakufukuza. Basi nikasema, huyu ndiye wa kumuuliza."

"Uliza."

"Siulizi kwa mdomo. Nionyeshe."

Nilimvalisha koti na kofia, nikamwonyesha umio wenyewe kwanza, kupitia kioo. Ni wa rangi ya midomo ya mtoto mchanga. Aliutazama unavyobana na kuachia.

Kila kiungo tunakichapa na kipande cha ziada mwishoni, kirefu kama kiganja, kwa ajili ya kukivuta na kukiharibu tunavyotaka. Ni mwili ule ule, umetoka kwenye mashine mara moja. Nilikileta mezani kwenye chombo chake. Pembeni yake nikaweka kipande cha umio wa zamani, ule usio na magadi.

Kabla sijamzuia, alikuwa ameshachovya kidole kwenye maji ya chombo na kulamba. Tulitazamana.

"Hayachomi," alisema. "Chumvi kwa mbali."

"Ni chumvi ya mwili."

"Na hicho kingine?"

"Hicho hakina magadi. Kijaribu."

Alifunua bakuli. Ulikuwa ugali wa uwele wa kantini, pamoja na mlenda kidogo wa kuteleza nao. Akakata tonge dogo, saizi ya mtoto, akalifinyanga vizuri, akalichovya, akaliingiza kwenye mdomo wa kipande cha zamani. Kipande kikajitahidi. Kikabana mara moja, kikachanika ubavuni, na tonge likatokea pale kama goti kwenye suruali kuukuu.

Sechelela alifumba macho. "Hivi ndivyo ingekuwa?"

"Ndivyo."

Alikivuta chombo cha pili karibu yake. Hakuanza na tonge. Alianza na kidole, ncha tu, na nikaona mabega yake yanashtuka.

"Kinanivuta!"

"Ndiyo kazi yake."

"Kinanivuta kidole, dada. Kama mtoto anyonyavyo." Alikiacha kidole pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakitoa, akakata tonge lingine, akalichovya, akaliweka. Akatega kiganja upande wa pili.

Tulisubiri. Kipande kilibana nyuma ya tonge, kikaachia mbele, kikabana tena. Uvimbe ule ulisafiri taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho bila mtu kuusukuma. Tonge likadondokea kiganjani mwake, zima.

Nyuma yetu Loi alikuwa ameanza kulia na kupenga kamasi kwa sauti. Sechelela akageuka.

"Huyu naye ana nini?"

"Ni mimi niliyeweka," alisema Loi. "Magadi. Sikuambiwa, niliweka tu. Nisamehe, mama."

Sechelela alimpima kwa macho. "Uliweka kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

"Kwa sufuria kubwa kiasi gani?"

"Ile ya uani. Tunaingia watatu mle."

Sechelela alihesabu kichwani kama mpishi anavyohesabu, midomo ikicheza. "Mbona kidogo hivyo? Mimi ningeweka ngumi nzima." Na alipolisikia neno lake mwenyewe, akaliangalia tonge mkononi. "Nimeupika mlenda huu maisha yangu yote," alisema. "Nimemlisha nao. Kabla ya ile chupa, alikuwa haubakizi hata kwenye sufuria."

Sikutia neno. Kuna wakati fundi anatakiwa afunge mdomo.

"Niambie mabaya mengine," alisema. "Yote, usibakize."

"Mshono unaweza kuachia. Anaweza kupata homa, na kwa wembamba wake homa ni hatari kubwa. Tumewawekea wanyama viungo vya aina hii, umio hata mmoja haukudumu, kwa sababu hatukujua siri ya magadi. Nyemo atakuwa wa kwanza. Sina mtoto mwingine wa kukuonyesha nikakwambia tazama, huyu alipona."

"Na akibaki hivi?"

"Akibaki hivi, Mama Nyemo, unaona mwenyewe anavyoisha."

Alijifuta kiganja kwenye khanga. "Washa kamera yako."

Niliiwasha. Alisimama wima mbele yake, kofia ya maabara imekaa upande kichwani.

"Mimi ni Sechelela, mama yake Nyemo. Nimeambiwa kuna magadi. Nimeambiwa kwa jina lake. Nimeyaonja, nimeyaona yakifanya kazi. Nimekubali. Mwekeeni mwanangu."

Taa ikawa ya kijani.

*

Upasuaji ulichukua siku nzima. Sechelela alikaa kwenye benchi na Loi, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale lakini alikataa kuondoka, na wawili hao wakabishana kuhusu mlenda wa kukausha na mlenda mbichi mpaka watu wa mapokezi wakawa wanachagua upande.

Daktari Mfinanga alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekimbia toka Morogoro. Alinyoosha vidole gumba vyote viwili, akasahau kwamba bado amevaa glavu.

"Umio wako uliniharakisha," aliniambia mimi, kana kwamba ni kosa langu. "Nilishona upande wa juu, damu ikaingia, ukaanza kusukuma hapo hapo. Nilikuwa sijamaliza upande wa chini! Ikabidi niubembeleze." Kisha akamgeukia Sechelela, akamshika mikono, akamwambia mtoto amevumilia vizuri sana. Na aliponipita mlangoni alisema kwa sauti niliyoisikia mimi tu, "Nilikosea juu ya yule mama."

"Uliogopa, daktari. Hata mimi."

Homa ilikuja, kama nilivyosema. Ilikuja ikapanda ikatukausha midomo wote, kisha ikashuka. Mshono ukashika. Kwanza walimpa maji, kijiko kimoja, na picha ya kifua ikaonyesha maji yanashuka moja kwa moja kama yanayojua njia. Halafu maji mengi. Halafu uji mwepesi, uji mzito, wali uliopondwa. Mashavu yakaanza kurudi. Habari nazo zikatembea. Wazazi wakaanza kuleta watoto wao kutoka Tabora, Kigoma na Mtwara, na kila mmoja nilikaa naye kwenye kiti kile kile nikamwambia magadi, kwa jina la magadi. Wengine waliguna. Wengine walicheka. Hakuna aliyenifukuza tena, maana Sechelela alikuwa hapo wodini na aliwasimulia kabla yangu.

Siku ya chakula kigumu, wodi ilijaa hadi mlangoni. Vijana wa uchapaji walishuka wote. Loi alipika uani na akabeba sufuria mwenyewe, hakumruhusu mtu kuishika. Ugali wa uwele, moto, na mlenda unaovutika kutoka kwenye upawa hadi kwenye sahani bila kukatika.

Sechelela alionja kwanza. "Una chumvi," alikiri, na Loi akaangaza uso kama aliyepewa shahada.

Nyemo alikata tonge mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa. Alilifinyanga, akalitoboa katikati kwa kidole gumba, akachota mlenda, akatia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna sana. Mkono wake ukaenda kwenye kile kikombe cha plastiki, kwa mazoea ya miaka miwili, ukakishika, ukakiinua nusu. Daktari Mfinanga alikuwa amenikamata kiwiko, na ananiumiza.

Nyemo alikiangalia kikombe. Akakirudisha chini. Akameza.

Halafu akainamisha kichwa na kukitazama kifua chake mwenyewe, kwa makini, kama mtu anayemsikiliza mgeni akishuka ngazi.

"Limefika," alisema.

Sijui vigelegele vilianzia wapi. Najua nilipiga na mimi, na sikuwa nimepiga tangu harusi ya dada yangu. Akina mama wa vitanda vingine walisimama. Vijana waligonga masufuria ya watu. Daktari aliniachia kiwiko akaenda kusimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Nyemo hakuwa na muda na sisi. Alikata tonge la pili, kubwa zaidi, na kabla halijashuka alikuwa ameshachota la tatu, mlenda unamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"We Nyemo!" alifoka mama yake. "Kula taratibu! Nani anakukimbiza?"

Lilimtoka kwa ukali kabisa, kama linavyomtoka mama yeyote mezani. Ndipo akasikia alichosema. Alijiziba mdomo kwa khanga, akaniangalia, na macho yake yakajaa. Kisha akaiondoa khanga, akavuta pumzi, akafoka tena kwa nguvu zaidi, kusudi, ili wodi nzima isikie mwanawe anavyogombezwa kwa ulafi.

"Nimesema taratibu! Mtoto gani huyu anakula hivi?"

Nyemo hakujibu. Mdomo ulikuwa umejaa.